Orodha ya Simu Kumi na Mbili

Mwinjilisti Ambwene hakuwahi kuutazama mtandao kwa tamaa. Aliutazama kama tabibu anavyoutazama mkojo wa mgonjwa: kwa umakini, bila haya, na kwa imani kwamba humo mna habari ambazo mwenyewe hawezi kuzitamka. Kabla ya kupangiwa mtaa wa Ngonga alikuwa amefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka kumi na minne, na hisabati ilimwachia maradhi ya kupenda orodha. Alijua kivinjari kinavyofanya kazi. Alijua pia kwamba tovuti huacha ndani ya simu ya mtu alama ndogo ziitwazo vidakuzi, na Jumapili moja ya Kwaresima alihubiri dhidi yake kwa ukali kiasi kwamba wazee wawili walitoka kanisani wakidhani ni wadudu wapya wa kakao.

Usharika rafiki wa ng'ambo ulipotuma simu kumi na mbili kwa ajili ya kikundi cha akina mama, zote za aina moja na za rangi moja, Ambwene alijifungia nazo ofisini siku tatu. Aliweka kichujio cha kuzuia picha chafu na michezo ya kamari. Kisha kila simu ikamdai anwani ya barua pepe na nywila. Akina mama kumi na wawili, nywila kumi na mbili: alijua kwamba kabla ya wiki kwisha kumi na moja zingekuwa zimesahauliwa. Akafanya kama wafanyavyo wauza simu wa Kyela mjini kwa mteja anayetaka tu kuondoka na kitu kinacholia. Alifungua anwani moja, akaiingiza katika simu zote.

Matokeo yake hakuyatafuta, lakini pia hakuyakataa. Kila neno ambalo mama yeyote aliliandika katika kivinjari lilikuja kujipanga kwenye kompyuta ya ofisi, pamoja na saa yake. Jina la mwandishi halikuonekana, maana simu zote zilijitambulisha kwa jina lilelile la kiwandani.

Siku ya kuzigawa aliwaonya: "Msisahau, yupo anayeona kila mnachofungua."

Wakaitikia amina. Walidhani anamsema Mungu.

Miezi ya mwanzo orodha ilileta mambo ya kawaida: bei ya kakao, keki isiyohitaji oveni, upele wa watoto, kama nabii fulani wa Dar es Salaam alikuwa wa kweli. Ambwene aliyasoma kila asubuhi, na mahubiri yake yakaanza kupata shabaha. Watu walitikisa vichwa wakisema mwinjilisti amepewa karama, kwamba anaingia moyoni mwa mtu na kumtoa jambo lake. Yeye hakuthibitisha wala hakukanusha. Karama nyingi huanza hivyo.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokwisha kuzamisha majaruba, ulitokea mstari wa namna nyingine: *jino la nyuma likivunjika kwa kupigwa linatibiwaje*. Baada ya siku mbili: *mume akisema atakuua sheria inasema nini*. Kisha ikafuata *kazi ya kupika hotelini Makambako*, na *mtoto wa miaka mitatu analipa nauli*. Jumapili jioni, wa mwisho: *basi la kwanza Kyela kwenda Mbeya Jumanne linaondoka saa ngapi*.

Mtu mwingine angemwona humo mwanamke anayetaka kubaki hai. Ambwene aliona ndoa inavunjika katika mtaa wake.

Alipiga hesabu ya nyumba kumi na mbili na jibu likampeleka kwa Felista, kwa sababu Wilson, mume wa Felista, alikuwa mlevi, na ulevi huonekana barabarani. Jumatatu asubuhi alimkuta mama huyo akianika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye mkeka mbele ya nyumba.

"Mugonile, mwinjilisti."

"Ndaga, mama Tumaini. Nyumbani kuna amani?"

"Amani ipo. Imelala humo ndani, imekunywa kimpumu tangu jana."

"Wilson anakupiga?"

Felista alicheka mpaka akashika ubavu. "Wilson? Tata, Wilson akinyanyua mkono, anayeanguka ni yeye. Nani kakudanganya?"

"Kuna mama wa kikundi anapanga kutoroka. Anaandika kwenye simu."

Kicheko kikakatika. "Na wewe umejuaje yaliyoandikwa kwenye simu ya mtu?"

Ambwene alimweleza kwa utaratibu, kama alivyozoea kueleza sehemu na desimali. Felista alisikiliza akiwa na dagaa mmoja kati ya vidole.

"Kwa hiyo lile hubiri la Sara na uzee wake, nililolia nalo, lilikuwa langu."

"Lilikuwa la watu wote."

"Lilikuwa langu, mwinjilisti. Niliuliza habari za hedhi kukatika, Jumapili ukaniletea Sara." Alimrudisha yule dagaa mkekani, akamnyoosha. "Sikiliza. Huyo mwenzetu ana mama yake, ana dada zake, ana sisi, na wewe upo pale kanisani na mlango wazi. Akatupita wote, akaenda kuuliza kioo. Basi ujue ana sababu. Mwache apande basi lake."

"Siwezi kuona nyumba inabomoka nikanyamaza."

"Basi usione. Nani alikutuma kuona?"

Alasiri ile kulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Ambwene aliwatangulizia neno la busara: hatamtaja mtu. Jina hakulijua, lakini alilificha kwa fahari kana kwamba alikuwa nalo. Akafungua daftari, akaisoma mistari mmoja baada ya mwingine.

"Zamani," alisema mzee Angetile, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote, "mwanamke akitaka kutoroka alifua nguo zake zote siku moja. Ukiona kamba imejaa, unajua. Siku hizi ananunua bando."

Wakacheka. Nelson, katibu wa kikao, hakucheka, kwa kuwa alikuwa anaandika muhtasari. Alikuwa mtu wa mwandiko safi, hanywi, havuti, na shamba lake la kakao lilipaliliwa kuliko mashamba yote ya Ngonga.

"Rudia hapo pa jino, mwinjilisti, niandike vizuri."

Ambwene akarudia.

"La nyuma?"

"La nyuma."

"Na basi ni la lini?"

"Kesho. La kwanza."

Nelson aliandika, akapiga mstari chini kwa rula. Kikao kikaazimia siku tatu za maombi kwa ajili ya ndoa zinazotikiswa. Hakuna aliyewaza kwamba jino la nyuma, mtu akifunga mdomo, huwa na mashahidi wawili tu: mwenye jino na aliyelivunja.

Felista naye hakukaa. Jioni ile alizunguka kwa akina mama wa kikundi kuwaonya kwamba simu zina macho, lakini mvua ilimfungia katika nyumba ya tisa. Nyumba ya katibu alikuwa ameipanga ya mwisho. Haikudhaniwa na mtu.

Jumanne, kabla basi la Mbeya halijawashwa, Nelson alikuwa ameketi kwenye benchi la stendi ya Kyela, amevaa koti lake la kanisani. Tusekile, mke wake, alishuka kwenye bodaboda akiwa na binti mgongoni na mfuko wa plastiki mkononi. Wapiga debe walioona walisimulia kwamba mume alimpokea mfuko kwa upole, akamshika mkono, wakarudi Ngonga wote watatu. Upole huo ulifika mlangoni kwao, ukaishia hapo.

Jumapili Nelson alitoa sadaka ya shukrani. Alipita mbele ya usharika na gunia la mchele na mkungu wa ndizi, na mke wake nyuma yake, mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga. Ameteleza kwenye tuta la jaruba, mume alieleza.

"Namshukuru Mungu," alisema Nelson kwa sauti tulivu, "na baada ya Mungu namshukuru mwinjilisti wetu. Nyumba yangu ilikuwa inaondoka, akanirudishia. Ndaga fijo, mwinjilisti. Ndaga fijo."

Watu wakapiga makofi. Ambwene alielewa katika makofi yale, akiwa amesimama madhabahuni, mahali ambapo mtu hana pa kujificha. Desturi ilimtaka awawekee mikono na kuwaombea, akawawekea. Kichwa cha Tusekile kilitetemeka chini ya kiganja chake, mtetemo mdogo usiokoma, kama wa mashine ya kukoboa inayosikika kutoka mbali. Aliomba kwa maneno aliyoyazoea. Akina mama wa kikundi walikaa na mikono mapajani, na wimbo wa kuwasindikiza waliuimba wanaume peke yao.

Wiki ile orodha ilikauka. Jumatatu hapakuwa na neno, Jumanne hapakuwa na neno. Simu kumi na moja zilikuwa zimezimwa na kufungiwa masandukuni. Jumatano moja ikaamka: *namna ya kuona ujumbe uliofutwa kwenye simu ya mke*. Ambwene alikaa wima kitini. Kwa mara ya kwanza alijua hasa ni nani anayeandika. Baadaye, jina lililotoka bila shaka kwenye ujumbe wa mke: *Prisca mwenye hoteli Makambako namba yake*.

Alhamisi, saa saba mchana: *mtu akianguka kisimani polisi wanapima nini*.

Aliusoma mstari huo mara moja tu. Akafikiria polisi, na swali la kwanza ambalo wangemuuliza: nani alimruhusu kusoma mambo ya watu. Akafikiria kikao cha wazee, ambacho mwito wake huandikwa na katibu. Akapiga magoti, akainuka na hofu ileile aliyopiga nayo magoti, bila jibu la ziada. Ndipo alipoinakili mistari mitatu kwenye karatasi na kwenda kwa Felista, nusu akitembea, nusu akikimbia, suruali ikirowa tope hadi magotini.

Felista alisoma akiwa amesimama. "Hii ya chini ni ya lini?"

"Ya leo. Haina hata saa moja."

"Na leo umekuja kuniuliza, au kuniambia?"

"Kukuambia."

Alimtazama kidogo, kama mtu anayekagua noti chakavu, kisha akamwita jirani kwa sauti ng'ambo ya ua. Jirani akamwita wa kwake. Simu haikutumika. Hazikupita dakika nyingi, akina mama kumi na mmoja walikuwa barabarani, khanga zimekazwa viunoni, wamebeba mikeka, masufuria, kuni, mablanketi na mchele. Waliokutana nao njiani walivua kofia na kupisha pembeni. Wanawake wakienda namna hiyo huwa wanakwenda msibani, na wakishaingia hakuna awaulizaye watatoka lini. Mwanamume anayefukuza waombolezaji atazikwa na familia yake tu.

Waliingia uani kwa Nelson bila kubisha hodi. Wakatandika mikeka, wakapanga mafiga matatu, wakawasha moto. Tusekile alitokeza mlangoni, binti amemshika sketi. Felista alimchukua akamkalisha katikati ya mkeka, pale anapokalishwa mfiwa, wengine wakamzunguka.

Nelson alitokea upande wa mikakao, mikono imelowa.

"Vipi, akina mama? Nani amekufa hapa?"

"Bado," alijibu Felista huku akipuliza moto. "Leo tumewahi."

"Mmewahi nini? Mnataka nini kwangu?" Akageuka, akamwona Ambwene kwenye ukingo wa ua. "Mwinjilisti! Afadhali umefika. Waambie hawa watoke."

Nyuso zote zikamgeukia, na ya Tusekile ikiwamo. Ambwene alijua maneno mengi ya mahali kama hapo, na mengine aliyatunga mwenyewe. Alivuka ua akakiendea kigoda kilichokuwa chini ya paa, upande wanakokaa wanaume kwenye msiba, akaketi.

"Na mimi nimekuja msibani, mzee Nelson," alisema.

Hakuna aliyempongeza, wala hakuna aliyemletea maji. Felista alikuwa ameifungua khanga kwenye mkono wa Tusekile, anaupapasa taratibu kutoka kiwikoni kwenda chini. Tusekile akauma midomo.

"Huu haukuungwa. Kesho tunaupeleka hospitali."

"Hatoki hapa," alisema Nelson.

"Basi na sisi hatutoki."

Nelson alisimama, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mmoja wa akina mama alimimina maji kwenye sufuria kubwa. Mwingine alianza kupepeta, akipima kwa macho. Watu wale, kwa mchele waliokuja nao, wangeweza kula siku nne.