Fundo la Meno

Benchi la nje ya ofisi ya utumishi ya kiwanda cha nguo lilitengenezwa kwa watu wanne. Asubuhi hiyo, pale Temeke, walilikalia saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na viungo vyake vyote. Kila mmoja alishika barua ya daktari. Barua zote zilisema neno moja: mwenye barua hii aliumizwa na mashine akiwa kazini, apewe kazi nyepesi. Kufagia, kulinda geti, kuhesabu marobota ya vitambaa stoo. Waliumia kiwanda kikiwa cha umma. Sasa kilikuwa na mwekezaji, ukuta ulikuwa umepakwa rangi, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kusikilizwa.

"Mie nikipewa ufagio tu, Alhamdulillahi," alisema Hija, mama wa mkono mmoja na wajukuu watatu. "Na wewe, mdogo wangu?"

"Mie narudi kwenye mashine yangu, dada," alijibu Mwishehe.

Hija alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa.

Mwishehe alifuma vitambaa miaka kumi na tisa kabla mashine haijamla vidole vinne vya mkono wa kulia na kumwachia gumba. Mwaka mzima alikaa nyumbani akivishwa shati na mkewe, akaona haya mpaka akachoka kuona haya. Siku moja alikwenda Mwenge, kwenye soko la vinyago, kutafuta kibarua cha kupakua magogo. Hakupewa. Akiwa anaondoka, ndipo akamwona Gregori.

Gregori alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kiwiko tangu utoto. Alikaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa wayo wa kushoto, patasi ameishika kwa vidole vya mguu wa kulia, na mkono wake mmoja ukipiga nyundo. Katika mti ule mweusi palikuwa panatokea uso wa bibi anayecheka. Mwishehe alisimama pale hadi adhuhuri. Moyo wake, uliolala mwaka mzima, uliamka, akatamani kulia mbele za watu.

"Alikufundisha nani, kaka?"

"Njaa," alisema Gregori.

Watalii wawili walisimama, wakaipiga picha miguu yake, wakampigia makofi, kisha wakaenda kununua kinyago kwenye banda la jirani.

"Umeona? Wanaipenda miguu. Kinyago hawakioni."

Neno hilo la mwisho lilimpita Mwishehe. Alirudi nyumbani na fundo kichwani. Fundi wa kufuma hupimwa kwa fundo: uzi ukikatika, auunge kabla kitambaa hakijaharibika. Alibana ncha moja kwa meno, nyingine kwa gumba, mkono wa kushoto ukazungusha. Ulimi ulichanika, fizi zikatoka damu. Baada ya miezi mitatu alikuwa anafunga fundo kabla mkewe hajamaliza kusema bismillahi.

Sasa, pale benchini, zamu yake ilipofika, Fransis, ofisa utumishi mwenye umri wa mwanawe wa kwanza, alimpa shikamoo bila kuinua macho.

"Nimekuja kukuonyesha kitu, bosi."

Alitoa uzi mfukoni, akaukata, akauunga. Fransis akaweka kalamu chini.

"Hebu tena."

Akaunga tena.

"Mzee wangu, wewe ni kiboko!" Fransis alisimama, akampa mkono, akakuta gumba, akalishika hivyo hivyo. Mwishehe alijisikia mtu, kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Basi nirudi kwenye mashine?"

"Mashine ni mpya, mzee. Zinataka mikono miwili. Siyo mie, ni mwekezaji."

"Basi geti."

"Geti ni la wasiojiweza. Wewe unajiweza, nimeona kwa macho yangu." Akaivuta ile barua ya daktari, akaigonga mhuri: HAHUSIKI.

Mwishehe alinyoosha mkono kuichukua barua. Fransis alikuwa ameshamshika bega.

"Njoo nje kidogo. Habari zako nitaongea na mwekezaji. Siahidi, lakini nitaongea."

Nje, benchi zima liliinua macho.

"Jamani, mnamwona mwenzenu? Vidole vinne hana, anaunga uzi kuliko mzima! Nyie mnalilia kazi nyepesi. Tatizo siyo viungo, tatizo ni moyo. Mzee, waonyeshe."

Hapo Mwishehe alielewa: fundo lake ndilo lingewanyima wenzake kazi. Angeweza kusema uzi umekwisha. Lakini lile "nitaongea" lilikuwa limeshamwingia, na nyumbani hakukuwa na kingine cha kutumainia. Akapeleka uzi mdomoni.

"Usifunge, mdogo wangu," alisema Hija taratibu.

Akafunga. Hakuwahi kufunga haraka kiasi kile.

Fransis alipiga makofi peke yake, kisha akapita benchini akikusanya barua, mhuri ule ule ukiwa mkono wa pili. Hija aliishikilia yake mpaka karatasi ikaanza kuchanika, ndipo akaiachia. Mwishehe alibaki amesimama, uzi ukining'inia mdomoni, na meno yalikuwa yamekataa kuachia.