Ubeti wa Kumi

Dada yangu Kuluthum hakujua kuandika. Alitunga mashairi akitwanga bizari, mizani nane kwa nane, nami nikinakili. Mumewe, Dualeh, aliyapeleka gazetini kwa jina lake mwenyewe. Nakuru nzima ilimjua Dualeh kuwa malenga. Dada alisema tu, "Hadiya, mwanamke jina lake gazetini la nini?"

Tulimzika Mei 1956. Nikabaki nyumbani kwao, mtaa wa Bondeni, kuwalea watoto wake. Mwezi wa saba mshairi mmoja wa Naivasha akamchokoza Dualeh gazetini: mbona kimya, wino umekauka?

Dualeh aliniletea gazeti jikoni. "Shemeji, njia yake unaijua. Nijibie huyu."

"Basi niweke jina la marehemu."

"Marehemu atajibizana na nani? Weka langu. Watu wanakuja kulisikiliza Ijumaa baada ya alasiri."

Nilitwanga siku tatu bila neno. Siku ya nne beti zikanijia zote kwa mfululizo, haraka kuliko mkono wangu. Pale dada alipozoea kutua akohoe, nami nilikohoa. Niliandika beti kumi. Sikubadilisha kitu.

Mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho. Dualeh alilijua hilo, lakini hakuwa na mazoea ya kulipitia shairi kabla ya kuliimba. Miaka tisa dada alikuwa akimtia yeye mwishoni, bila kukosea hata mara moja.

Ijumaa wanaume walijaa sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia. Dualeh aliimba vizuri. Mzee Gelle alikuwa akijipiga goti. "Mpe! Mpe huyo wa Naivasha!"

Ubeti wa kumi ukafika.

"Ukitaka langu jina..."

Akanyamaza.

"Ehe, malenga!" Mzee Gelle alicheka. "Hata jina lako umesahau?"

Nilifungua kinywa nimalizie. Sauti ilikuwa imekwisha kuanza, na mpaka leo sijui kama ilikuwa yangu:

"Kuluthumu ndiye mimi,
Nyumbani nilijibana, nikatunga kwa ulimi."

Kicheko kilikatika. Wanawake walinigeukia, isipokuwa jirani yetu Anyango. Yeye alikuwa akitazama mlango wa chumba alichofia dada.

"Dualeh, mwanangu," Mzee Gelle alisema taratibu, "anza tena. Tulisikiliza bila kujua ni la nani."

Dualeh aliirudisha karatasi kwenye ubeti wa kwanza. Kisha akaanza upya, kwa sauti ndogo, na alipofika kwenye jina alilitamka.