Picha ya Hela Tatu

Jumatatu, tarehe nane Septemba mwaka 1913, baada ya magharibi, ndipo mambo yote yalipoharibika, na yaliharibika kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikatai. Lakini mdomo wa mtu haufunguki bure. Wangu ulifunguliwa na serikali.

Mimi ni Pazi, mtu wa Kinole huko juu mlimani. Shule nilikaa miezi sita, nikajua kusoma namba na majina ya watu, nikatolewa kwenda kulima pamba ya jumbe. Mke wangu Hidaya alikufa mwaka uliotangulia, mimi nikiwa barabarani navunja mawe kwa amri ya akida, mtu wa Wajerumani aliye juu ya majumbe. Habari ilinifika siku ya tatu. Nilikuta kaburi limekwisha kauka juu.

Sasa, kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba nililolima lilikuwa la Hidaya, na binti yetu Mwanaheri ni wa kina Hidaya. Mwaka ukitimia, siku ya kumaliza tanga la msiba, mgane ananyolewa mbele ya wakwe na kuulizwa: unabaki au unaondoka? Asiyekuwapo amekwisha jibu. Shemeji yangu Salehe aliniletea neno kwamba tanga litamalizwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita. Kutoka mjini Morogoro hadi Kinole ni mwendo wa siku nzima kwa mtu asiye na mzigo.

Nami nilikuwa nimeshikwa tena. Safari hii ni kipande: karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, kila siku ya kazi karani anatia alama chumba kimoja. Ukikutwa njiani kipande hakijajaa, unapewa kingine kipya, unaanza moja. Mimi nilibakiwa na vyumba tisa. Nikahesabu kwa vidole, nikaona nitawahi na siku za kupumzika zitabaki.

Ndipo akaja Mgoa mmoja, Fransisko, ameshuka na gari la moshi kutoka Dar es Salaam na sanduku la picha zinazotembea. Akapewa ghala tupu la pamba karibu na stesheni. Akida Ahmadi, ambaye katika kila hela tatu za kiingilio, zile sarafu ndogo za Mjerumani, alikuwa na yake moja, akaniazima kwa Mgoa nikae mlangoni.

"Kila usiku mmoja utahesabiwa siku moja," akaniambia. "Unataka nini tena? Kazi ya kukaa."

Mgoa hakuwa na karatasi za kuwapa watu wakishalipa. Akida akampa vipande vya zamani, vilivyoharibika kwa mvua, wakavikata vidogo vidogo. Kila kijikaratasi kikabaki na kipande cha muhuri wa serikali, wa tai: bawa, au ukucha, au kichwa.

Usiku ule wa kwanza watu walikuwa hawafiki thelathini. Akaja mzee Yunusi, mkulima wa mboga wa Bigwa, akatoa hela zake tatu, nikampa karatasi. Akaigeuza. Akauona muhuri. Na hapo hapo, pembeni yangu, karani Leonard alikuwa ananitilia alama kwenye kipande changu kwa wino.

"Pazi," akaniuliza, "na mimi hii ni siku?"

Nilikuwa nimeshinda na njaa, na nilikuwa nimechoka kuulizwa maneno. Nikamjibu kwa dhihaka, "Ndiyo mzee. Usiku mmoja, siku moja. Serikali imekuwa na huruma."

Hakucheka. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kikoi chake.

Usiku wa pili neno lilikuwa limekwisha enea, watu walikuwa mia. Wa tatu, ghala lilijaa hadi wengine wakakaa juu ya magunia. Walitoka Bigwa, walitoka Kilakala, wengine walishuka milimani na watu wa misheni wakaja na rozari zao shingoni. Nani asiyenunua siku ya kuvunja mawe kwa hela tatu? Nilitaka kusema, lakini ningemwambia nani? Nikiwaambia watu, wangenivunja mbavu. Nikimwambia akida, ningepigwa viboko kwa kueneza uwongo kwa jina la serikali. Nikasema moyoni, siku tisa si nyingi, nitajaza changu niende zangu, wao na akida wao watajuana.

Picha yenyewe ilikuwa fupi. Nyumba ya Ulaya inaungua, watu wa maji wanakuja na farasi, wanaizima. Kisha mzungu mmoja mnene, upepo umemchukulia kofia, anaifukuza mitaani, anaangusha meza, anaangusha mama na kapu la mayai, mwisho kofia inakaliwa na yeye mwenyewe. Basi. Mgoa alikuwa akizungusha mkono wa mashine, ikiisha anairudia. Kufika usiku wa sita nusu ya ghala walikuwa wamelala. Walikuja na mikeka. Mgoa gizani hakuwaona, alisikia pumzi za watu wengi, akafurahi.

Usiku wa nane nikamwambia Leonard, "Kesho ndiyo ya mwisho yangu."

Akajikuna shingo. Leonard si mtu mbaya, ni mtu wa kuagizwa. "Bwana Akida amesema chumba cha mwisho nisikitie alama mpaka picha iondoke. Wewe umezoeleka na watu, akikuondoa watapungua."

"Na picha itaondoka lini?"

"Ikikosa watu."

Hapo nikaona nimejifungia mlango kwa ndani na ufunguo nimewapa watu mia mbili. Kadiri walivyoniamini ndivyo nilivyokaa. Usiku wa tisa ukapita, wa kumi, wa kumi na moja. Ijumaa tu ndiyo tulipumzika.

Jumatatu tarehe ishirini na mbili, asubuhi, Mgoa alikaa barazani pa ghala na kalamu, anamwandikia mshirika wake Dar es Salaam. Akida alikuwapo, anakunywa kahawa. Bi Chausiku, muuza vitumbua, alikuwa ameweka ungo wake pale, maana hakuna aliyempita kwa kuipenda ile picha. Alikuja kila usiku, naye kipande hakimhusu.

"Dar es Salaam ilikaa siku sita," Mgoa akasema. "Tanga siku tano. Hapa leo ni ya kumi na tatu na nyumba imejaa. Kwa hesabu ya vichwa, Morogoro imezishinda zote."

"Vichwa gani?" Bi Chausiku akasema. "Tanga wana vichwa vingapi, na sisi tuna vingapi? Mji mkubwa kujaza nyumba si kazi. Mji kama huu wetu, ambao mtu akikohoa Kilakala anapewa pole stesheni, hapo ndipo pa kusifu."

"Umesema kweli," Mgoa akaandika.

"Tena si kuja," akaendelea, "ni kurudi. Kuja hata msibani watu wanakuja. Picha kubwa ni ile ambayo ukiisha kuiona, kesho unaunguza vitumbua kwa kuiwaza."

"Ndiyo maana vya leo vyeusi," akida akasema. Kisha akaweka kikombe chini. "Mnapoteza maneno. Watu wamejaa kwa sababu nchi ina utulivu. Mtu mwenye njaa na fujo hatazami picha. Andika hivyo, Fransisko. Andika na jina langu, hiyo barua itaonwa na wakubwa."

"Wamejaa, Bwana Akida, ila wanalala," nikasema. Neno lilinitoka tu.

"Wanalala kwa raha."

Mgoa akanigeukia. "Wewe uko mlangoni, unawaona nyuso. Sema wewe. Inasifiwa kwa nini?"

Nikamtazama akida, nikaitazama milima nyuma yake, mawingu yameikalia kama kawaida. Siku nne zilibaki. Nikaona pana tundu moja la kupitia.

"Bwana," nikasema, "mtu akitoa pesa, hujui anapenda picha au anaionea huruma pesa yake. Kesho fungua mlango bure. Usipokee hela, na karatasi usitoe. Watakaokaa ndio wa picha. Hao ndio uwaandike."

Akida hakutaka, alikuwa anaipigia hesabu hela yake. Lakini Mgoa alikuwa ameshikwa na lile neno, nadhani yeye mwenyewe hakuwa na hakika na nyumba yake. "Siku moja tu," akasema. "Nataka kujua."

Jumanne baada ya magharibi nikafungua milango yote miwili. Walikuja kama kawaida, mikeka kwapani. Yunusi alikuwa mbele, hela tatu mkononi.

"Leo bure, mzee. Pita."

"Karatasi ziko wapi?"

"Leo hakuna karatasi."

Akasimama. Nyuma yake mstari nao ukasimama. "Bure ya nini?" akasema. "Yule mnene nimemwona mara kumi na tatu, amekuwa kama mkwe wangu. Mimi nina vitunguu vya kumwagilia alfajiri." Akageuka. Wakageuka wote, bila kelele, kama watu waliokuta duka limefungwa.

Ndani walikaa kumi na mmoja. Bi Chausiku alikuwa mmoja wao, na kofia ilipokaliwa alicheka peke yake mpaka akashika ubavu. Mgoa alizungusha mara moja, akawasha taa, akayatazama magunia matupu. Asubuhi ya Jumatano sanduku lake lilikuwa stesheni, anakwenda Kilosa, na barua hakuipeleka.

Nami nilikuwa bomani kabla ya jua kupanda, kipande mkononi. Nilikuwa nimekwisha funga kitambaa cha Mwanaheri na chumvi ya mama mkwe. Leonard akachovya kalamu.

Ndipo nikasikia miguu. Waliposikia picha imeondoka, walikuja wote kuhesabiwa. Walijaa uwanja, wengine mpaka kwenye miti ya barabarani, kila mtu na karatasi zake zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Yunusi akaweka zake mezani kwa Leonard, akazipanga, bawa, ukucha, kichwa.

"Siku kumi na tatu," akasema.

Leonard akanitazama. Akida akatoka ndani. "Hizi ni nini?"

"Siku zetu, Bwana Akida."

"Nani kawaambia?"

Yunusi hakuwa na ubaya nami. Alininyooshea kidole kama anayeonyesha mtu mwema. "Pazi. Naye kweli, tulimwona anatiwa alama."

Akida hakupaza sauti. Nilikuwa tayari kwa viboko, lakini alikuwa na akili kuliko viboko. "Kutazama picha si kazi," akawaambia. "Hakuna siku hapo. Rudini makwenu, mtaitwa barabarani." Kisha akachukua kipande changu mezani, akakisoma. "Na wewe, alama nane hizi umezipata wapi?"

"Mlangoni, Bwana Akida. Kwa amri yako."

"Nikizikubali zako, hawa hawataondoka hapa. Leonard, zifute."

Leonard akazifuta, moja moja, kwa mstari. Vyumba vilivyobaki vikarudi kuwa tisa. Kalamu aliyoichovya kwa ajili ya kunitoa ndiyo iliyonirudisha.

Ijumaa nilikuwa kwenye mawe. Najua saa walipokaa mkekani Kinole, najua nafasi yangu ilikuwa tupu, na jibu langu likachukuliwa bila mimi. Mwanaheri yuko kwa Salehe. Shamba limekwisha pandwa na watu wengine.

Yunusi hakurudi kwake. Kila asubuhi anasimama mbele ya meza ya Leonard, karatasi zake mkononi, anauliza neno lile lile, hatukani, hapazi sauti, na Leonard anainamisha kichwa, na akida anapita kama hasikii. Anauliza: "Usiku ule mlimwandikia Pazi kwa wino, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo. Wino ulipokuwa bado haujakauka, ilikuwa siku au haikuwa siku?"