Lori Lililokunywa Mursik

Haya ni ya kweli tupu, kila neno. Kama kuna chumvi, ni ile tu iliyotiwa kwenye mchuzi, na mchuzi wenyewe tutaufikia mwisho. Asiyeamini aje Huruma, hapa Eldoret, aulize kwa hoteli ya Mama Hodan. Ataambiwa vilevile, ila kwa kicheko kingi zaidi.

Mzee Lusweti aliendesha malori ya mahindi mpaka magoti yakakataa kukanyaga klachi. Alipostaafu, wenzake walirudi Bungoma kufuga ng'ombe. Yeye akabaki Huruma na mkewe Nabalayo, jogoo mwekundu aliyeitwa Inspekta, na simu yenye ufa katikati ya kioo. Simu hiyo alijifundisha mwenyewe, kwa kubonyeza kila kitu mpaka kitu kimoja kikubali. Ndivyo alivyojikuta na chaneli ya video kwenye mtandao, na watu wa kuitazama, wengine mpaka ng'ambo.

Kila video ilianza namna moja. Inspekta anapandishwa juu ya mtungi wa maji, anawika, kisha Mzee anainua mkono wa kulia na kuapa: "Haya ni ya kweli tupu. Kama nadanganya, Inspekta huyu ageuke mchuzi, na firigisi aile mwanamume mwingine."

Asiyetoka magharibi anaweza kudhani hicho ni kiapo chepesi. Kwa Mbukusu kama Mzee, firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Haigawanywi, haionjwi jikoni, wala haipotei kwenye sufuria. Kuna ndoa zimetikisika kwa sababu ya firigisi. Mwanamume akiapa kwa firigisi yake, ameapa kwa kiti chake.

Kuhusu mambo ya mtandao Mzee alikuwa na maoni, na hakungoja kuulizwa. Programu ya kukata video, ile ya bure, ilikuwa ikimpiga muhuri wa jina la programu yenyewe kwenye paji la uso. "Kama ng'ombe wa shirika!" alilalamika. Ile huduma ya kuhifadhi picha hewani nayo ilimtumia ujumbe kila asubuhi kwamba nafasi imejaa. "Hewa ya Eldoret, na upepo wote huu, imejaa nini?" Lakini kilichomchoma zaidi ni pasiwadi. "Wanataka herufi kubwa, wanataka nambari, halafu wanataka alama ya kushangaa. Nishangae nini? Si ni mimi naingia kwangu?"

Kitu kimoja tu cha mtandao alikiheshimu: haki miliki. Alikutana nayo siku video yake ilipozimwa sauti, akaletewa ujumbe kwamba wimbo uliomo ni mali ya kampuni fulani ya muziki huko nje. Wimbo gani? Alitafuta akachoka, mpaka akagundua ni Inspekta akiwika. "Jogoo nimemlea kutoka yai!" aliwaandikia. "Leteni mama yake tumuulize!" Baada ya siku kadhaa sauti ikarudishwa, na Mzee akatembea mtaani kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Tangu hapo alijua mtandaoni kuna rungu, na rungu lina mpini.

Sasa, katika video zake zote, iliyopendwa kuliko nyingine ni ya lori lililokunywa mursik. Lori lilikuwa limeishiwa dizeli juu kule Ainabkoi, baridi ya kukata masikio, mahindi yanangojwa Turbo. Mama mmoja akawaonea huruma, akawapa vibuyu vya mursik, yale maziwa ya mgando wanayonyweshwa wanariadha wakirudi na ushindi. "Nikamwambia taniboi wangu Walubengo, mwaga kwa tangi!" Lori kuonja mursik, likadhani limeshinda mbio Ulaya. Likakimbia Eldoret yote bila kugusa breki, likipungia watu kwa waipa, na popote lilipoona umati likapunguza mwendo livishwe maua. Kufika Turbo, bomba la moshi linatoa siagi, kina mama wamepanga foleni na sufuria.

Asubuhi moja Mzee aliingia hotelini akakuta wateja wameinamia simu moja, wanacheka. Akadhani ni yeye. Akachungulia kwa tabasamu la mwenye mali. Haikuwa yeye. Alikuwa Walubengo, yule taniboi, utingo wake wa zamani, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, anasimulia lori lililokunywa mursik. Neno kwa neno, mpaka sufuria. Na waliotazama walikuwa wengi kuliko wa Mzee.

"Mwizi!" Mzee akanguruma, kwa maana Walubengo mwenyewe alikuwa pale pembeni anakunywa chai.

"Wizi gani, dereva?" Walubengo akajibu bila kuinuka. "Nani alimwaga mursik kwa tangi?"

"Ni wewe, lakini..."

"Basi nilikuwepo. Nasimulia nilichoona na macho yangu. Ama haikutokea?"

Mama Hodan akasimama na birika mkononi.

"Ilitokea! Ni kweli tupu!"

"Basi kunywa chai, mzee mwenzangu, usinipandishie presha."

Mzee hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye saiba, duka la mtandao la Angeline, mama wa watoto wanne aliyewajazia watu maombi ya kila namna na hakushtushwa tena na lolote. Angeline alimsikiliza, akafungua ukurasa wa malalamiko, akavua miwani.

"Mzee, hapa iko shida. Jambo likiwa lilitokea kweli, halina mwenyewe. Kila aliyekuwepo anaweza kulisimulia. Lakini kama ni hadithi umetunga, na yeye amebeba maneno yako yote vile yalivyo, hapo unaweza kumshika. Sasa niambie, ni gani? Ilitokea ama ulitunga?"

Mzee akatazama mlangoni. Akatazama chini ya meza. Akavuta kiti karibu.

"Na nikisema, nani atasoma?"

"Ni wao huko kwa mtandao. Na hapa chini kuna maelezo marefu, nikusomee?"

"Angeline, hayo maelezo hakuna mtu amewahi kuyasoma tangu dunia iumbwe. Weka alama ya kukubali, twende."

Alama ikawekwa. Mzee akaanza kusema, Angeline akipiga chapa. Mwanzoni alinong'ona, lakini fundi akianza kueleza kazi yake hushindwa kujizuia, na baada ya muda alikuwa anasema kwa sauti ya mimbari. "Andika: lori halijawahi kunywa mursik. Lilikunywa dizeli kama malori mengine. Siku hiyo gia ilikataa, mimi na Walubengo tukalala chini yake Ainabkoi tukinyeshewa kama mbwa, na yeye akalia. Mursik nimetunga mimi. Waipa nimetunga mimi. Siagi ni yangu, na wale kina mama wa sufuria bado hawajazaliwa. Yote yametoka kwa kichwa hiki."

"Kuna nafasi ya kushukuru?" aliuliza alipomaliza.

"Hakuna, Mzee."

Wiki haikuisha, video ya Walubengo ikaondolewa. Mzee akavaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumatano, akaenda hotelini, akaagiza chai na mandazi kwa sauti ya kusikika barabarani.

Walubengo akaingia. Hakuwa na hasira, na hilo lingepaswa kumtisha Mzee. Alikuwa na miwani yake ya kusomea Biblia, na simu.

"Wazee na kina mama," alisema, "mtandao umeniondolea video. Sawa. Lakini hawa watu ni waungwana, wanakutumia na malalamiko ya aliyekushtaki, ujue kosa lako. Mwenzangu hakusoma maelezo. Mimi nimesoma." Akakohoa, akaanza: "Lori halijawahi kunywa mursik..."

Alisoma polepole, akipumzika kwenye kila nukta. Alipofika kwa kina mama ambao bado hawajazaliwa, mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi.

"Mzee," Mama Hodan akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, "hata siagi? Nimewaambia mpaka shangazi zangu Garissa!"

"Hiyo si mimi!" Mzee akasimama, mandazi mkononi. "Siku hizi kuna kompyuta zenye akili, zinaandika chochote, zinaiga mtu mpaka kikohozi!"

"Kompyuta inajua tulinyeshewa Ainabkoi?" Walubengo akauliza. "Inajua nililia? Hiyo sijawahi kuambia hata mke wangu. Ni wewe na mimi tu, na lori."

Mzee akafungua mdomo, akautia mandazi.

Walubengo akabonyeza simu tena. Safari hii ilikuwa video ya Mzee mwenyewe. Inspekta akawika. Kisha ile sauti, mkono juu: "Kama nadanganya, Inspekta huyu ageuke mchuzi, na firigisi aile mwanamume mwingine."

Hakuna aliyecheka. Walimtazama tu.

Alirudi nyumbani akitumaini mkewe atamtetea jogoo. Nabalayo alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sufuria kubwa. "Kuapa umeapa wewe," alisema. "Maji nabandika mimi."

Mama Hodan alimleta Sadiq wa buchari achinje, ili naye apate kula kwa roho safi. Mzee alimshika Inspekta miguu mwenyewe, akamwomba msamaha sikioni, na wenye nia njema walitazama pembeni. Jumapili ukumbi wa hoteli ulijaa. Ugali ulipowekwa, Nabalayo akampa mumewe bakuli dogo lililofunikwa. Mzee akalifunua. Firigisi ilikuwa pale, imekatwa vizuri, inang'aa kwa mafuta. Akainuka, akavuka chumba mbele ya watu wote, akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Karibu, Walubengo."

"Asante, dereva." Walubengo akatafuna. Akatafuna tena. "Ngumu kidogo."

"Alikuwa Inspekta wa miaka mingi kazini," Mzee akasema, akarudi kuketi na shingo ya kuku, fungu lake la siku hiyo.

Walubengo akaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akajiweka sawa. "Sasa hii ya leo ni ya nani, mzee mwenzangu? Nani ana haki ya kuisimulia?"

Mzee akanyonya mfupa, akafikiri. "Hii imetokea kweli," akasema kwa uchungu. "Haina mwenyewe."

"Haya basi." Walubengo akabonyeza, akainua mkono wa kulia, firigisi bado shavuni. "Haya ni ya kweli tupu..."

"Apa kwa kitu!" Mama Hodan akaita kutoka jikoni.

Walubengo akasita. Akatazama chumba kizima kinavyomtazama, Mzee Lusweti akiwa mbele kabisa, shingo ya kuku imesimama njiani kuelekea mdomoni. Kisha, kwa haraka ya mtu aliyesikia bei inapanda, akaimeza firigisi kabla hajaapa kitu.