Wapangaji wa Namba Kumi na Tisa

Jumamosi ya tatu tangu wahamie, Zilpah alikuta kinyesi cha mtu nyuma ya mlango wa mbele. Kilikuwa kimesukumwa kupitia tundu la barua, kikatapakaa kwenye zulia dogo aliloliacha Bibi Hadley, mwenye nyumba. Zilpah alikuwa amekwisha kuvaa sare ya unesi. Akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa kipande cha kadibodi huku amebana pumzi.

"Usifute," Jairus alisema kutoka kwenye ngazi. "Acha polisi waone."

"Waone nini, Baba Awuor? Juzi waliona mkojo wakasema ni paka."

"Paka gani anayekunya kupitia tundu la barua?"

"Nenda kawaulize."

Jairus hakwenda. Aliteremka, akachukua kadibodi mikononi mwa mkewe, akamwambia avae viatu asije akachelewa kazini. Binti yao Awuor, mwenye miaka sita, alikuwa bado amelala chumbani kwake. Chumbani kwake! Kule Sparkbrook, mtaa wa wahamiaji jijini humohumo, walikaa miaka minne katika chumba kimoja, kwenye nyumba yenye familia tano, jiko moja na choo cha uani. Ukungu ulimea ukutani juu ya kitanda cha mtoto hadi kifua chake kikawa kinakoroma kama cha mzee. Walitafuta nyumba kila mahali. Sheria mpya ilipokataza kuandika kwenye vibao kwamba weusi hawatakiwi, wenye nyumba waliacha kuandika. Wakaanza kusema, kwa tabasamu, kwamba nyumba imechukuliwa dakika tano zilizopita.

Nyumba hii waliipata kwa sababu ya maiti. Mzee Hadley alikufa wodini mikononi mwa Zilpah, baada ya wiki tisa za kugeuzwa, kuoshwa na kulishwa kwa kijiko. Mjane wake alipoamua kwenda kuishi na dada yake Wales, alimwambia Zilpah, "Chukua wewe." Wakatia saini mkataba wa mwaka mmoja.

Mtaa ulikuwa kusini mwa jiji, umejengwa kabla ya vita: nyumba mbilimbili zilizoegemeana, mbele yake ua wa miti uliokatwa ukanyooka kama ukuta. Siku ya kuhama, Sukhdev, fundi wa reli wa zamani aliyezaliwa Kisumu, ndiye aliyewabebea vitu kwa gari lake. Aliposhusha kitanda cha mwisho alitazama mapazia yakitikisika madirishani, nyumba baada ya nyumba.

"Dada Zilpah," alisema, "mimi naishi Alum Rock. Kule mtu akikuchukia anakutukana usoni, unajua pa kupita. Hawa wananitisha."

Jumamosi ile ya kinyesi, jioni jua likiwa bado juu, waliokuwa nyuma ya mapazia wakaja. Walikuwa wanne, wamevaa tai. Mbele yao alikuwa Bwana Pritchard wa namba ishirini na moja, mtu wa miaka arobaini hivi, kifua kipana, nywele zimenyolewa chini kabisa. Alikuwa na karatasi yenye saini za mtaa mzima.

"Hatuna ubaya nanyi," alisema. "Lakini watu wametumia maisha yao yote kupata nyumba hapa. Nyinyi mkikaa, thamani yake inashuka. Si sisi tunaosema, ni soko."

"Tuna mkataba wa mwaka," Jairus akajibu.

"Mama mzee hakujua anachofanya. Mtaondoka mwisho wa mwezi. Na huo ua wenu, tazama, umeota kama msitu."

"Ua nitaukata. Kuondoka, hapana."

Pritchard alimsogelea hatua moja. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Kaa chini."

Zilpah akamtazama mdomo. Lugha ambayo katika mtaa huo aliizungumza ndani ya nyumba tu na mumewe ilikuwa imetoka katika kinywa kile.

"Nilikuwa sajini Nyeri, vita vya msituni, mwaka hamsini na nne," Pritchard alisema akikunja karatasi yake. "Maneno manne matano bado nayakumbuka."

Kesho yake, Jumapili, walirudi kutoka kanisani saa saba. Jairus hakusubiri chakula. Alichukua mkasi mkubwa wa bustani, akavua koti, akaanza kuukata ua. Zilpah alimwona dirishani akipima kwa jicho, akirudi nyuma, akipunguza jani moja moja, kama kwamba mtaa ungemsamehe kwa unyoofu wa mstari ule.

Baa zilipofungwa mchana, kama sheria ya huko ilivyotaka, wanaume watano walitokea kwenye kona. Pritchard alikuwa mmoja wao. Hawakuwa na tai.

"Ingia ndani!" Zilpah alipiga kelele.

Jairus akatupa mkasi kwenye nyasi, akakimbia. Zilpah akafunga mlango na kusukuma komeo. "Awuor, chini ya kitanda! Upesi!" Ngumi ikapasua kioo cha mlango, kioo kile kizito chenye michoro ya maua, na mkono ukaingia hadi kiwikoni ukipapasa komeo. Damu ilichuruzika ubaoni. Mkono haukurudi nyuma. Ulipapasa, ukapata, ukavuta.

Walimburuta Jairus kwa shati hadi njiani. Mmoja alikuwa amechomoa mti wa uzio. Pigo la kwanza lilimpata mbavuni, Zilpah akasikia sauti aliyoijua ya wodini, ya mfupa unaovunjika ndani ya nyama. La pili likampasua sikio. Alipojaribu kuinuka kwa mikono, walimkanyaga vidole. Zilpah alimrukia mmoja mgongoni, akamng'ata begani mpaka akaonja damu. Akatupwa kwenye ule ua uliokatwa nusu. Jairus alikuwa akiita jina la mama yake.

"Nyamaza," Pritchard alimwambia, kwa Kiswahili, na kumpiga teke la mdomo. "Nyamaza."

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akiosha gari la mumewe. Alifunga bomba, akamwingiza mbwa wake ndani, akafunga mlango.

Polisi walikuja wawili, baada ya dakika arobaini. Wale watano walikuwa wameshakwenda kunywa chai makwao. Askari mwenye umri mkubwa aliokota mkasi kwenye nyasi.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu," Jairus alisema kwa midomo iliyochanika. "Nilikuwa nakata ua."

"Bwana Pritchard anasema ulimkata nao mkono."

"Alivunja kioo chetu!" Zilpah alisema. "Tazama mlango! Tazama damu, imetiririka upande wa ndani!"

"Mama, mtu akishambuliwa kwa mkasi anaweza kuanguka popote, hata mlangoni." Akamfunga Jairus pingu juu ya vidole vilivyovimba.

Jumatatu Zilpah alikwenda kazini. Angekwenda wapi kwingine? Awuor alimwacha kwa mke wa Sukhdev. Saa nne Sista, msimamizi wa chumba cha majeruhi alikokuwa amehamishiwa kutoka wodini, alimwonyesha pazia la tatu kwa kidevu. "Jeraha la mkono, limeanza kuvimba. Lisafishe."

Nyuma ya pazia aliketi Pritchard, mkono umefungwa taulo la jikoni.

Walitazamana. Pritchard ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwepesha macho, lakini alinyoosha mkono, kwa kuwa uliuma. Zilpah alifungua taulo. Mkato ulitoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, kingo zake nyekundu, ndani mna majimaji. Alichukua koleo ndogo. Angeweza kuisukuma mara moja tu, kwa nguvu, pale mshipa ulipo. Vidole vyake vilijua pa kusukuma. Alivuta pumzi, akaanza kuchokoa, taratibu, kama alivyofundishwa.

Kipande cha kwanza kililia kwenye bakuli la chuma. Cha tatu kilikuwa kikubwa kama ukucha, na juu yake palikuwa na nusu ya ua lililochorwa.

"Hiki ni kioo changu," Zilpah alisema.

"Upesi," Pritchard alisema, kwa Kiswahili tena.

Alimfunga bandeji safi, akaandika kwenye faili: vipande saba vya kioo vimetolewa. Sista alipopita kukagua, alisoma, akamwita pembeni.

"Nasikia huyu ni jirani yako. Ana kesi na mumeo." Akachora mstari juu ya maneno yale, akaandika: jeraha la kukatwa. "Hapa tunatibu. Hatukusanyi ushahidi."

Bakuli likamwagwa na mfanyakazi mwingine kabla ya adhuhuri.

Wiki mbili baadaye, mahakamani, Pritchard aliuinua mkono ili waheshimiwa mahakimu watatu wauone. Bandeji ilikuwa imefungwa vizuri mno. Zilpah alipoitwa upande wa utetezi, hakuzungukazunguka.

"Kioo nilikitoa mimi mwenyewe. Vipande saba. Ni kioo cha mlango wetu, si mkasi."

"Wewe ni mke wa mshtakiwa?" hakimu wa katikati aliuliza.

"Ndiyo."

"Na faili la hospitali linasema nini?"

"Limebadilishwa."

"Kwa hiyo unaituhumu hospitali, na papo hapo unatangaza hadharani siri za mgonjwa uliyekabidhiwa?"

Zilpah akamgeukia mumewe. Jairus, sikio limeshonwa vibaya rumande, alimtazama kutoka kizimbani na kutikisa kichwa kidogo: basi, inatosha.

Walimpa kifungo cha miezi sita. Siku tatu baadaye hospitali ilimwandikia Zilpah kwamba asifike kazini mpaka shauri lake la kufichua siri ya mgonjwa lisikilizwe. Wiki hiyohiyo Bibi Hadley aliandika kutoka Wales, kwa mwandiko unaotetemeka, kwamba majirani wamemzidi nguvu, kwamba anasikitika sana, na kwamba ameuvunja mkataba na kuikabidhi nyumba kwa wakala.

Wakala alikuja asubuhi ya Alhamisi, Zilpah akiwa ukumbini anafunga vyombo kwa magazeti. Hakubisha hodi. Aliingia na bwana na bibi vijana, Waingereza, wamevaa pete mpya za ndoa. Walipanda juu, wakashuka. Mume aligonga ukuta kwa vidole akaridhika.

"Na majirani?" mke aliuliza.

"Hamtapata bora jiji zima," wakala alisema. "Hapa watu wanaangaliana. Mtu akipatwa na jambo, wote wanatoka."

Mke alifurahi. Alisimama katikati ya ukumbi akaitazama sakafu, akatazama madirisha, kisha akamtazama Zilpah aliyekuwa amepiga magoti kati ya masanduku, kitambaa kichwani.

"Umepaweka pasafi kweli," alimwambia kwa upole. "Sisi sote wawili tunafanya kazi, tutahitaji mtu wa usafi. Huwa unakuja siku gani?"

Zilpah aliinua macho kwa wakala. Wakala alitazama saa yake.

"Jumanne ingetufaa," mke alisema, akasimama pale, akitabasamu, akingojea jibu.