Kivuli cha Kukunja

Siku shemeji yangu alipokuja kuomba kivuli, nilikuwa nimebana sindano mbili mdomoni, na ndizo zilizonizuia nisimtukane. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu, akayakagua marobota ya turubai, akaipapasa cherehani yangu kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani.

"Shemeji, kazi inaendelea?"

Nikaitikia kwa kichwa. Miaka miwili alikuwa hajakanyaga pale.

"Nataka kivuli cha kwenye boti. Kile cha kukunja na kukunjua. Jua linanimaliza. Nilimwambia Mama, akasema kazi isitoke nje wakati mke wa ndugu yako ni fundi."

Mama ndiye mama yake mzazi na mama mkwe wangu, na anaishi kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa mdogo wa huyu bwana. Mume wangu alikuwa na boti, na alipolazwa hospitali alimwachia kaka yake aitumie ili tusilale njaa. Alhamisi moja kaka mtu akaingia wodini amelowa hadi kiunoni, akasimama miguuni pa kitanda, akasema boti imezama kule kwenye miamba na yeye ameponea kwenye dumu tupu. Mume wangu aligeukia ukuta, akakataa chakula, na siku ya nne tukamzika. Daktari aliandika ini. Mimi najua kilichomuua ni maneno yale.

Sikumchukia shemeji kwa kuzamisha boti, maana maji hayamwogopi mtu. Nilimchukia kwa kuusema ukweli ule mbele ya mgonjwa, wakati mtu mwenye huruma angedanganya. Mwaka uliofuata akaja na boti nyingine, ya kijani, yenye pua ndefu iliyochongoka. Alisema amechongesha mbali, kwa seremala wa huko. Wavuvi wakaanza kumwita Kapteni. Mama akashukuru Mungu, mimi nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nikazitema zile sindano, nikamweleza. Kuna aina tatu. Kuna cha kuzungusha kwa mkono, kama vile vya mbele ya maduka, turubai linajiviringa kwenye bomba. Kuna cha turubai linaloteleza juu ya nyaya mbili. Na kuna cha matao matatu ya chuma yanayolala nyuma, kama kofia ya kigari cha mtoto mchanga.

"Hicho cha kuzungusha," akasema. "Kina heshima."

"Kina springi ndani. Maji yakiingia, itashika kutu kabla hujamaliza kujisifu."

"Cha nyaya, je?"

"Kitapiga makofi kila upepo ukivuma. Samaki watadhani wanashangiliwa."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, hilo siwezi kumnyima. "Haya, matao. Na wavu nitautupaje?"

"Unakikunja kwanza. Unachomoa pini mbili, matao yanalala nyuma ya kiti. Na ukitaka kwenda kasi, kikunje pia. Upepo ukiingia chini ya turubai utakuinua wewe na boti yako."

Akaokota turubai la plastiki la buluu. Nikamnyang'anya, nikamwambia hilo ni la kufunikia mchanga, kwa miezi minne ya jua litabaki nyuzi tupu. Nikamchagulia kitambaa kizito cha rangi ya maziwa, kile cha miamvuli mikubwa ya hotelini, uzi usiooza kwa jua, na mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Nilimchagulia vizuri, ingawa roho ilikuwa inaniuma. Mshono mbaya ungebaki na jina langu, si lake.

Kesho yake nikaenda kupima. Boti ilikuwa imepandishwa mchangani juu ya magogo, na Kapteni amesimama kando akiwapigia wenzake soga. Nikapanda. Mimi hupima mara mbili, kwanza kwa futi, halafu kwa kiganja, kwa sababu futi langu limelika mwanzoni. Kutoka pembe ya nyuma, upande wa kulia: shubiri tatu na vidole viwili. Nikaweka alama. Nikahamia kushoto, nikaanza kutembeza kiganja juu ya ukingo, na kabla ya shubiri ya tatu kuisha kidole changu cha mwisho kikagusa ufa kwenye rangi. Ufa wenyewe ulikuwa wa duara, mpana kama sarafu.

Nikatulia. Mahali pale nilipajua, kwa sababu niliwahi kukosea pale.

Miezi michache kabla mume wangu hajaugua, tulianza kutengeneza kivuli cha boti yetu. Nilikata karatasi ya kupimia matundu ya upande wa kulia, nikaihamishia kushoto, nikasahau kuigeuza. Ni kosa la fundi turubai mara moja tu maishani, ukishalifanya hulirudii. Nilitoboa tundu vidole vinne nje ya mahali pake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Halafu akaenda nyumbani, akachukua mwiko wa mama yake, akakata mpini kwa msumeno butu, akalipanua lile tundu, akakigongomea kile kipande cha mpini na kukisawazisha kwa randa. Mama alimgombeza wiki nzima. Kisha ugonjwa ukaja na kivuli hakikumalizika. Kaka mtu siku hizo alikuwa mbali kwa kibarua, hakujua lolote. Mwiko ulibaki na kishikio cha shubiri moja, na mpaka leo Mama akipikia anaungua vidole na kusema, "Mwanangu kaniachia mwiko wa kitoto, Mungu amrehemu."

Nikakwangua kwa ukucha. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe. Chini ya nyeupe kulikuwa na buluu, buluu yetu. Chini ya buluu, kichwa cha mti wa kahawia.

"Kuna nini, shemeji?"

"Rangi imepasuka kidogo," nikasema. "Nitaifunika na sahani ya chuma."

"Ndiyo maana nakupenda."

Nilishuka, nikazunguka nyuma ya rundo la nyavu, nikakaa mchangani. Boti haikuwa imezama; ilikuwa imebadilishwa pua na rangi tu. Mume wangu alikufa kwa jambo ambalo halikutokea. Mimi miaka miwili nilimchukia mtu kwa kusema ukweli mahali pasipofaa, kumbe hata huo ukweli haukuwepo.

Nilitaka kuchukua nyundo. Si ya kupigia boti. Lakini nikajikaza kisabuni, nikafikiri. Nikipiga kelele atasema boti zote zina viraka, na kabla hakujakucha atakuwa ameihamishia ufuko mwingine. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa imefika mwaka wa pili, na nilitaka aimalizie kwa miguu yake mwenyewe. Pale kwetu boti ikifungwa chuma chochote kipya, hairudi majini mpaka mkaguzi wa vyombo aione, na mwenyewe aulizwe maswali na kutia sahihi. Nikaona hapo patatosha.

Nikashona siku tisa. Sijawahi kushona mistari iliyonyooka vile. Kila alipopita nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kapteni, pindo liwe jembamba au pana? Kapteni, nikuwekee mfuko wa miwani? Siku ya tisa nikamwambia, "Siku ya kufunga mlete na Mama. Awe wa kwanza kukaa kivulini. Mzazi ni baraka."

"Hapo umenena," akasema, na macho yakamlegea kidogo. Nilimchukia zaidi kwa hilo, kwamba alikuwa anampenda mama yake kweli.

Jioni ile Mama alikuwa anakoroga chungu, anahamisha mwiko mkono wa kulia, mkono wa kushoto, anapuliza vidole. Kumficha yeye ndiko kulikoniumiza kuliko yote.

"Mama, kesho nitauazima huo mwiko."

"Wa nini?"

"Nataka kuutafutia mpini wake."

"Miaka yote hiyo ndiyo umenikumbuka leo," akasema, na akaendelea kukoroga.

Asubuhi wavuvi walikuwa wamekaa juu ya magogo wakitazama kazi. Nikafunga sahani za upande wa kulia, nikakaza skrubu. Upande wa kushoto nikafunga za mbele tu, ya nyuma nikaiacha mfukoni. Nikasimamisha matao, nikakunjua turubai, na kivuli kikatanda nusu ya boti. Wavuvi wakanung'unika kwa wivu. Mama alipandishwa kwa kushikwa mikono miwili, amevaa gauni lake la kuendea harusini, akakaa chini ya kivuli na kusema pana ubaridi kama chumbani.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Akafungua fomu.

"Boti hii imewahi kutobolewa au kuzibwa popote kabla ya leo?"

"Haijawahi," akasema shemeji. "Nilisimama na seremala tangu ubao wa kwanza."

"Kapteni, kumbuka vizuri," nikasema. "Nikitoboa karibu na kiraka cha zamani ubao utapasuka, na lawama itakuwa yako."

"Shemeji, boti hii naijua nje ndani. Haina kiraka. Andika."

Mkaguzi akaandika. Shemeji akatia sahihi, kubwa, yenye mkia.

Nikapiga magoti upande wa kushoto, nikatoa kisu, nikakwangua. Kijani, nyeupe, buluu. Nikamwita mkaguzi aone. Nikazungushia skrubu ndefu katikati ya ule mti, nusu yake tu, nikaishika kwa koleo na kuvuta. Ulilia kidogo, halafu ukatoka mzima, mrefu kama kidole cha kati, umekatwa mshazari upande wa chini.

"Kijiti tu hicho," akasema shemeji. "Boti zote zina vijiti. Labda seremala..."

"Ulisimama naye," mkaguzi akasema.

Nikautoa mwiko kwenye mkoba. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyaandaa siku kumi, makali yote. Lakini Mama alinyoosha mkono kabla yangu, akachukua mwiko, akachukua na kile kijiti, akaviunganisha. Mkato wa msumeno butu ukaingiana. Ule mpini uliwahi kuungua siku Mama alipousahau jikoni, na ule mstari mweusi wa moto ulianzia kwenye mwiko na ukaendelea kwenye kijiti bila kukatika.

Mkaguzi akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Boti haishuki majini," akasema. "Kitabu cha zamani cha kuandikishia boti kipo ofisini. Tutakifungua leo."

Nilifurahi, sitadanganya. Halafu nikamtazama Mama, ambaye bado alikuwa amevishika vile vipande viwili, nikakumbuka kwamba wote wawili aliwazaa yeye.

"Mama," shemeji akaanza, "nilikuwa nimebanwa. Angepona ningemrudishia."

"Ulipomwambia imezama, ilikuwa wapi?"

"Kwa seremala."

"Siku ile ile?"

Shemeji alikuwa amesogea taratibu, hatua kwa hatua, mpaka akaingia chini ya turubai, na uso wake ulikuwa kizani. Mama macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alikunja uso, akainamisha kichwa upande mmoja, akaacha kujaribu.

"Mwanangu," akaniambia mimi, "kikunje hicho kivuli. Nataka nimwone usoni."

Nikachomoa pini mbili. Matao yakalala nyuma, moja juu ya jingine, bila kukwama popote, kama nilivyoyatengeneza, na jua likatushukia sote watatu.