Kambare wa Nyuma ya Bega

Shangazi hakuwa na ugonjwa wa kibofu. Tuliweke hilo wazi mapema, maana wenzake wa Chama cha Washika Mishipi walikuwa wamemhurumia bure mwaka mzima. Kila Jumamosi, tangu kunapopambazuka mpaka saa nne, mama huyo fundi cherehani alikuwa akinyanyuka kwenye kigoda chake mara mbili au tatu, anabeba ndoo yake yenye kifuniko, anaaga kwamba anakwenda kujisaidia, kisha anapotelea kwenye matete. Mwoka mikate, aliyekaa kigoda cha jirani, alifikia hadi kumnong'oneza akapime sukari. Shangazi alimshukuru kwa uso mkavu kabisa.

Ndani ya ndoo mlikuwa na kambare.

Sasa, pale bwawani mtu alikwenda kuvua perege, basi. Perege ndiye aliyepimwa, akapigwa picha na kusifiwa mpaka Jumatatu. Kambare, maskini, na ule mdomo wake mpana na masharubu ya mkaguzi, hakuwa na mtetezi. Kosa lake lilijulikana: anakula mayai na watoto wa perege. Kwa hiyo Mwenyekiti alimtungia kifungu chake peke yake, cha tisa, kikabandikwa mlangoni pa banda: kambare akinaswa, atupwe nyuma ya bega juu ya tuta, wala asitazamwe, na atakayemrudisha majini atapoteza kigoda chake.

Hilo la kutotazama Mwenyekiti alilieleza kuwa ni nidhamu. Ukigeuka, unapoteza shabaha, na boya lako linazama hulioni. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Siku sita kwa wiki alikuwa akiwagombeza wanafunzi watazame vioo, watazame vioo, aliye nyuma yako ni binadamu pia. Jumamosi akija bwawani anatupa samaki kisogoni na hageuki hata kwa dawa.

Shangazi naye alitupa kwa miaka mitatu bila neno. Kigoda chake, cha saba, kilikuwa cha marehemu mumewe, kaka mkubwa wa Mwenyekiti, na chama kilimwachia kwa shingo upande, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakikimezea mate. Alikipenda kuliko kitu chochote alichoachiwa. Jumatatu hadi Ijumaa alishona sare za shule katika chumba kilichojaa vifungo, zipu na mama za watu wakiuliza suruali ya mtoto iko wapi. Jumapili aliwafulia wajukuu. Jumamosi tu ndiyo aliyokaa mahali alipokaa mumewe, akatazama maji aliyoyatazama mumewe, na hakuna aliyemwita.

Kisha siku moja alipoteza ndala. Akageuka kuitafuta nyuma yake, akamwona kambare aliyemtupa alfajiri. Ilikuwa imeshafika saa nne. Samaki alikuwa amelala ubavu, ngozi imeanza kukauka, na mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba. Shangazi aliona aibu, ile aibu ya mtu aliyefumaniwa akimchapa mtoto wa jirani. Alimfunika kwa kitambaa, akamtia ndooni, akamwambia mwoka mikate kwamba haja imembana.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza.

Mwisho wake ulikuja kwa wema wa Katibu. Katibu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa haki mpaka anachosha, na Jumamosi moja aliona Shangazi kakawia huko matete, akaingiwa na hofu kwamba ameanguka. Akamfuata na chupa ya maji ya kunywa. Alimkuta amekunja sketi hadi magotini, amesimama majini, anamwagia kambare nasaha: nenda zako, na ukiona mnyoo unaning'inia peke yake, jiulize umetoka wapi. Katibu aliomba radhi kwa kumkuta hivyo. Kisha akatoa daftari la chama akaandika, kwa sababu asingeandika asingelala.

Na mambo yakikuandama hayaji moja moja. Wiki hiyohiyo, chini ya tuta, upande wa nyuma ambako hakuna aliyetazama, kidimbwi cha vifaranga wa perege kilikutwa hakina kifaranga hata mmoja. Mwenyekiti alikuwa amewalea vifaranga hao kwa mkono wake, akiwafikia kwa njia ya pembeni, anawasagia chakula, anawaita watoto. Walipokausha maji, walikuta kambare wanne wamenona wamelala kwenye tope, matumbo kama mito ya kochi. Mwenyekiti hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Nani anatembea na kambare kwenye ndoo? Akajaza kidimbwi upya, akaleta vifaranga wengine, akaitisha kikao.

Kikao kilifanyika Jumamosi, saa moja asubuhi, mbele ya banda, mvua ya manyunyu ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Mwenyekiti alisoma mashtaka mawili: kumrudisha kambare bwawani, na kumwingiza kambare kwenye kidimbwi. Alisema imemuuma sana, kwani mshtakiwa ni shemeji yake, lakini sheria haina undugu. Shangazi alimsikiliza huku amekumbatia ndoo yake. Shtaka la kwanza alilikubali bila kuzungukazunguka. La pili alilikataa.

Mwenyekiti akatabasamu, akawageukia wajumbe. Basi na aeleze yeye, kambare waliingiaje kidimbwini? Wana miguu? Walipanda pikipiki? Watu wakacheka. Shangazi akangoja wamalize kucheka.

Akauliza, "Kambare akitupwa kwenye majani, anakufa baada ya muda gani?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ni dakika kumi, tena ni nyingi. Anazimia tu, hajisikii lolote, ndiyo maana si ukatili.

"Nani aliwahi kukaa akamtazama?"

Hapo kila mtu akapata kitu cha kushughulikia. Mmoja alifunga kamba za viatu, mwingine alikagua kucha. Katibu peke yake ndiye aliyeinua kichwa, macho yamemeta, kwa sababu alikuwa amesikia swali lenye jibu linaloweza kupimwa. Akapendekeza lipimwe.

Bahati, au nuksi, inategemea unamuuliza nani, mwoka mikate alikuwa amesahau mshipi wake majini. Ulivutwa wakati huohuo. Alikimbia, akaunyakua, akatoka na kambare mwenye urefu wa mkono, na kwa mazoea yake akamrusha nyuma ya bega kabla hajakumbuka kwamba wanachama wote wamesimama huko nyuma. Samaki alitua miguuni mwao. Katibu akatazama saa.

Dakika kumi zilipita, kambare yuko. Kumi na tano, yuko. Mwenyekiti akasema huyu ni mkaidi, wapo wa namna hiyo. Chai ikaanza kumiminwa kutoka kwenye chupa, lakini aliyeinywa hakuonekana. Si rahisi kunywa chai huku mtu anatafuta pumzi mbele ya viatu vyako. Mdomo ulifunguka na kufumba. Wanaume waliotupa mamia ya kambare walikuwa wanamtazama mmoja kwa mara ya kwanza, na walikosa pa kuweka macho. Mwoka mikate akaomba wamwache, imetosha, yeye ameshaelewa.

Shangazi alikuwa na hali mbaya kuliko wote. Alijua samaki yule anateseka kwa ajili ya kigoda cha saba. Mwaka mzima amewaokoa kambare wenzake kwa siri, leo anamwacha huyu akauke ili yeye asalimike. Alijichukia kweli. Dakika ya ishirini na tano alifunua ndoo, akainama amchukue, liwalo na liwe, kigoda wakichukue.

"Aachwe," Mwenyekiti akasema. "Ulitaka tutazame, tunatazama."

Nafikiri kambare naye alikuwa amechoshwa na kikao. Alijipindua kutoka ubavuni, akalala kifudifudi, akachomeka miiba ya mapezi yake kwenye majani yaliyolowa, kulia, kushoto, akajivuta. Akapumzika. Akajivuta tena. Hakuelekea bwawani, kwa kuwa huko ilibidi kwanza apande ukingo wa tuta. Alielekea kwenye mteremko, kule chini, kwenye harufu ya maji mengine.

Walimfuata. Ungewaona ungesema wanasindikiza harusi: kambare mbele, nyuma yake Katibu na saa yake, kisha Mwenyekiti, kisha wengine kwa mstari mmoja wamebeba vikombe. Mara mbili samaki alikwama kwenye kisiki, na mara mbili watu wazima, wenye familia zao, walijikuta wamezuia pumzi kumngojea. Mwoka mikate alinong'ona, "Jitahidi, bwana," kisha akajifanya anakohoa.

Hatua kumi kutoka kidimbwini Mwenyekiti alikuwa bado amekaza shingo. Hatua tano, jasho lilianza kumtoka. Chini pale vifaranga wapya walikuwa wanazungukazunguka juu ya maji wakingoja chakula cha asubuhi, wadogo kama mbegu za boga. Hatua mbili, kambare akainua kichwa.

Mwenyekiti akamrukia. Alimkumbatia, akachomwa mwiba kwenye kidole gumba, akatoa neno ambalo hawafundishi kwenye shule za udereva, na akapanda tuta mbio na samaki kifuani, shati limejaa utelezi, mpaka alipofika juu. Mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa bwawa. Akamtupa huko kwa mikono miwili. Maji yakaruka. Kambare akapiga mkia mara moja, akaondoka.

Katibu alikuja juu taratibu, akasimamisha saa.

"Dakika arobaini na moja," akasema, na kufungua daftari. Kalamu ikabaki hewani. Akasafisha koo. "Mwenyekiti, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, aliyemrudisha kambare majini..."

"Ile ilikuwa dharura!"

Shangazi alikuwa ameshafika naye, anahema, ndoo mkononi. Angeweza kumcheka, na wengine walishaanza. Lakini alimwona shemeji yake ananyonya kidole huku ametumbua macho, anafanana na marehemu siku alizokuwa amekosa na hajui aanzie wapi, na hamu ya kucheka ikamwisha.

"Hata wangu walikuwa na dharura, shemeji," akamwambia. "Kila mmoja wao."

Mwenyekiti alitazama maji mpaka mawimbi yalipotulia. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kumwona akilifanya pale juu: akageuka. Manyunyu yalikuwa yamelaza majani, na mteremko mzima wa nyuma ulikuwa wazi. Kulikuwa na vichwa vikavu vya kambare. Vilikuwa kila mahali, vingine vipya, vingine vimeshakuwa vyeupe, vimeachwa na mwewe na paka, na takribani vyote vilikuwa vimeelekea chini, kwenye kidimbwi, kila kimoja mahali nguvu zilipomwishia mwenyewe. Kimoja kilikuwa kimebakiza hatua tatu.

Akaenda mpaka mlangoni pa banda, akabandua karatasi, akaikunjakunja na kuitia mfukoni. Alimwambia Shangazi kwamba kigoda cha saba ni chake, na chake yeye Mwenyekiti pia kama anakitaka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Shangazi alisema kimoja kinamtosha.

Watu walianza kurudi kwenye mishipi yao bila kutazamana. Katibu peke yake ndiye aliyebaki juu ya tuta, amegeukia nyuma, kalamu ikigonga daftari, anatamka chinichini kama anapoandika ubaoni: washiriki kumi na wawili, kambare wawili watatu kwa kila mmoja, Jumamosi hamsini na mbili, mara miaka...

"Mwalimu," Mwenyekiti akamwambia. "Hesabu hiyo usiipige."

Katibu akalifunga daftari, lakini midomo yake iliendelea.